Saa Tisa na Dakika Kumi

Basi liliniacha bondeni, penye kibao kilichopinda,
nikapanda kwa miguu. Kona saba. Nilizihesabu
kwa sababu goti langu la kushoto lilizihesabu kwanza.
Kijiji cha Montaubrac kimekaa juu ya jabali
kama mtu aliyepanda kiti kuchungulia ua wa jirani
akasahau kushuka, miaka mia nane.

Mimi ni mwashi. Wengine husoma vibao vya historia,
mimi husoma kuta.
Nikaweka kiganja langoni: hapa fundi alikuwa na haraka,
hapa alilipwa vizuri,
na hapa, chini ya tundu la mishale,
jiwe limelazwa kichwa chini
na mtu mwenye njaa, au mwenye mapenzi,
au mwenye msimamizi asiyetazama.
Chokaa imeliwa na mvua. Ukuta haudai kitu.

Vichochoro kimya kama darasa siku za likizo.
Duka la sabuni: limefungwa hadi Juni.
Duka la kadi: limefungwa hadi Juni.
Paka mmoja, hajafungwa, alinikagua
kana kwamba tiketi yangu imekwisha muda.

Huguette Lacassagne nilimkuta mlangoni pa kanisa,
aproni ina unga, miguuni viatu vya mpira,
mkononi ufunguo mrefu kama mwiko wangu wa kazi.
Akaniuliza nafanya shughuli gani. Nilipomjibu
alinishika mkono, akaugeuza, akazipapasa sugu
kama anayechagua viazi.
"Bega langu limegoma tangu Krismasi," akasema.
"Wewe unayo mawili. Vuta."

Nivute nini? Kamba.
Ilining'inia kutoka gizani, nyeusi kwa jasho la viganja
vya watu ambao majina yao yamefutika hata makaburini.
Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena
kama navuta ndoo ya zege hadi ghorofa ya tatu,
na huko juu
shaba ikakohoa, ikasafisha koo,
ikasema.

Mara moja tu. Ina ufa.
Sauti yake si ya dhahabu, ni ya sufuria iliyotumika sana.

Ndipo madirisha yakafunguka.
Firmin akatoka na povu la kunyolea shavu moja.
Akina dada Delpuech, wasiosemezana tangu mirathi,
wakatokeza, kila mmoja na mlango wake.
Loïc wa mbuzi akaja mbio, ndoo ya maziwa ikimwagika.
"Nani?" wakauliza. "Nani?"
Nikadhani wananiuliza mimi ni nani.
Kumbe huku, siku isiyo Jumapili,
kengele haina habari nyingine ya kuleta:
ikilia, yupo aliyeondoka.

Wakahesabiana pale uwanjani, kwa vidole, kwa majina,
kwa kutupia jicho bomba la moshi la fulani.
Kumi na mmoja. Wakarudia.
Kumi na mmoja.

Nikawa natafuta maneno ya kuomba radhi
katika Kifaransa changu cha vituo vya treni.
Huguette akajipangusa unga. "Nilitaka tu kujua
kama bado mnatoka," akasema.

Hakuna aliyemgombeza. Mtu akaburuta benchi.
Mtu akaleta divai ya jozi, jibini inayonuka zizi,
mkate ambao kisu kiliulalamikia.
Dada mkubwa akampa mdogo kile kisu,
bila neno, bila kumtazama,
lakini mpini ukiwa mbele.

Firmin alikaa na ndevu zake nusu
mpaka jua likafika kwenye lile jiwe la kichwa chini.
Wao hawajawahi kuliona. Niliwaonyesha.
Wakalicheka kama shemeji aliyelewa.

Bondeni basi la mwisho likapita,
nikalisikia likibadilisha gia, likipotea.
"Kumi na wawili," Loïc akasema, akitafuta glasi.
Goti langu halikubisha.